Kabla hamjakwenda Stonehenge, piteni Avebury

(Mazungumzo na Waswahili wa mji wa Reading, Uingereza, wiki moja kabla ya safari yetu ya mwaka)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, kina mama, ndugu zangu, vijana. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi mlio nyuma kabisa na simu zenu, hamjambo?

Nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ananifahamu, ndiyo maana amekwenda kukaa chini ya saa ya ukutani.

Jumamosi ijayo tunapanda basi kwenda kutazama mawe. Tangazo lilipotoka, ndugu yetu mmoja alinipigia simu akasema, "Dada, nauli yote hiyo tukaangalie mawe? Mimi nimezaliwa Mwanza!" Nilicheka, lakini swali lake si la kupuuza. Mawe ya Mwanza aliyapanga Mungu, hakuna binadamu aliyemsaidia. Haya tunayoyaendea yaliburutwa na watu, yakasimamishwa na watu, halafu watu hao hao, yaani vizazi vyao, wakayaangusha, wakayazika, wakayapasua, na mwisho wakayafukua na kuyasimamisha upya. Hiyo habari ya mikono ya watu ndiyo iliyonileta mbele yenu. Vijitabu vya watalii hupenda kuanza na fumbo: nani alijenga, kwa nini, ajabu hii, siri ile. Mimi mafumbo yananichosha upesi.

Kwanza mjue nimefikaje huko, maana sikusomea mambo haya. Kazi yangu wengi wenu mnaijua, na wengi wenu ni kazi yenu pia: kuhudumia wazee majumbani. Kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwasikiliza. Mwaka 2012 nilipangiwa mzee mmoja kule Wiltshire, mwenye umri wa miaka themanini na moja. Nilimwita Mzee tu, akalizoea, hata akawa anajitambulisha hivyo kwa wauguzi. Mzee huyu alikuwa na ombi moja lisilokwisha: apelekwe akaone mawe. Jumapili moja ya mwezi wa sita, jua limetoka, nikamkunja kwenye gari pamoja na kiti chake cha magurudumu. Nikadhani tunakwenda Stonehenge, kwa kuwa ndilo jina pekee nililolijua. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ile ni ya wageni," akasema. "Kata kushoto."

Tukaingia kijiji kinachoitwa Avebury. Nawaambia ukweli, nilivunjika moyo. Hapakuwa na geti wala tiketi. Kondoo wamelala kwenye kivuli cha mawe, wanatafuna. Mtoto ameegemea jiwe refu kumzidi mara mbili, analamba aiskrimu. Lori linapita katikati ya duara la mawe, kwa sababu barabara kuu yenyewe inapita katikati ya duara. Na penye makutano pana baa, imejaa watu. Nikajiuliza, hiki ndicho alichonisumbulia mwaka mzima?

Akanionyesha jiwe moja upande wa kusini-magharibi. Nikamsukuma mpaka pale, akalipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Akasema, "Hili nililiona likisimamishwa."

Nikajua umri umeshamzidi. Nikamwambia kwa upole, kama tunavyofundishwa, "Mzee, mawe haya yana miaka zaidi ya elfu nne."

"Najua," akajibu. "Na nililiona likisimamishwa. Nilikuwa na miaka saba."

Niliporudi nyumbani usiku ule nikaingia kwenye intaneti nitafute namna ya kumsahihisha. Nikakuta aliyekosea ni mimi.

Sasa nisikilizeni. Duara la Avebury ni kubwa kuliko duara lolote la mawe duniani. Kipenyo chake kinapita mita 300, na ndani yake palikuwa na madogo mawili tena. Duara la nje lilikuwa na mawe yapata 100. Kulizunguka kuna handaki, na nje ya handaki kuna tuta lililotokana na udongo wa handaki lenyewe. Leo ukitazama handaki unaona bonde zuri la nyasi, watoto wanabingirika. Lakini lilipochimbwa lilikwenda chini hadi mita 9, kuta zake nyeupe pee, kwa sababu ardhi ya kule ni chaki tupu. Walichimba kwa pembe za kulungu. Chuma kilikuwa hakijafika Uingereza. Wengine hapa mmechimba choo cha shimo kwa sururu na mnajua mita tatu ni nini, basi pigeni hesabu ya mita 9, kwa pembe, kwa mzunguko wa zaidi ya kilomita moja.

Kazi haikuwa ya mwaka mmoja. Ilichukua vizazi, kati ya miaka 4,900 na 4,200 iliyopita hivi. Aliyeanza hakumaliza, na aliyemaliza hakumjua aliyeanza.

Halafu yakasahauliwa, na kijiji kikaota ndani yake. Wakulima wakalima kuzunguka mawe, wakajenga kanisa nje kidogo ya tuta. Na ilipofika karne ya 14, watu wa pale wakaanza kuyaangusha na kuyazika. Walichimba shimo kandoni, wakalisukuma jiwe likaangukia humo, wakalifukia. Wapo wasemao waliogopa, ni mambo ya kipagani. Wapo wasemao walitaka shamba tu. Mimi naona mtu anaweza kuwa na sababu zote mbili asubuhi moja.

Chini ya jiwe mojawapo ilipatikana mifupa ya mwanamume mwenye mkasi, kifaa chembamba cha chuma kama cha kutumbulia, na sarafu za miaka ya 1320. Wakamwita kinyozi-mganga, maana zamani huku kinyozi alinyoa na kutoa damu, kama vile vinyozi wetu wa pwani walivyokuwa wakiumika chuku. Hadithi ikawa kwamba alikuwa akisaidia kulizika jiwe, likamwangukia. Mifupa ikapelekwa London, ikaaminika imeteketea kwa mabomu ya vita ya 1941, kumbe ilikuwepo salama, ikaja kuonekana tena kwenye miaka ya 1990 katika makumbusho nyingine. Walipoichunguza upya wakatilia shaka kama kweli jiwe ndilo lililomuua. Kwa hiyo yule aliyeumika chuku, na kisa chake nacho kikapigwa chuku.

Karne ya 18 ikaja na ubaya zaidi. Kuzika ni afadhali, kilichozikwa hufukuliwa. Hawa wa karne ya 18 walitaka mawe ya kujengea. Jiwe la sarseni, ndiyo aina ya mawe ya pale, ni gumu, nyundo inaruka. Wakabuni dawa: unaliangusha jiwe juu ya shimo lililojaa nyasi kavu, unawasha moto hadi liive, unamwaga maji baridi kwa mstari, halafu unapiga nyundo kwenye mstari ule ule. Linapasuka kama muhogo. Daktari mmoja, William Stukeley, alikuwa akipita pale miaka ya 1720, anachora na kuandika yaliyobaki, huku wenzake wanapasua. Alimtaja hata mpasuaji mmoja kwa jina, Tom Robinson, kwa hasira ambayo bado inasikika kwenye maandishi. Tukifika nitawaonyesha nyumba zilizojengwa kwa mawe hayo. Hata kanisa dogo la katikati ya kijiji limejengwa kwa mawe yaliyopasuliwa.

Ndipo akaja mtu wa jamu. Msicheke. Alexander Keiller, ukoo wake ulitajirika Dundee kwa jamu ya machungwa, ile mnayoipaka kwenye mkate. Alinunua ardhi ya Avebury, akaleta vibarua, na kuanzia 1934 mpaka vita ilipozuka 1939 akafukua mawe yaliyozikwa na kuyasimamisha tena. Palipokuwa na jiwe lililopasuliwa, lisilorudi tena, akaweka kinguzo cha zege. Mzee wangu alikuwa mtoto mwaka 1938, na jiwe alilolipapasa ni mojawapo ya yale. Alikuwa mkweli kuliko kompyuta yangu.

Lakini Keiller simsifu moja kwa moja. Alitaka kuona duara la kale, na nyumba za wanakijiji zilikuwa katikati. Akabomoa baadhi yake, watu wakahamia nje ya tuta. Ni jambo la kufikiri: ili ionekane kazi ya waliokufa miaka elfu nne iliyopita, waliondolewa waliokuwa wakipika chakula pale siku hiyo. Mwaka 1943 aliiuza ardhi kwa National Trust, shirika la kutunza mahali pa kale, ambao bado wanaiangalia. Familia chache bado zinaishi ndani ya duara, na baa bado ipo. Mimi nashukuru kijiji hakikubomolewa chote.

Mwenyekiti ananitazama. Nakwenda haraka.

Kutoka pale, mwendo wa miguu, kuna kilima kinaitwa Silbury. Kilima chote kimejengwa kwa mikono, miaka 4,400 iliyopita, mita 30 kwenda juu, nusu milioni ya tani za chaki. Watu waliamini ndani amezikwa mfalme na farasi wa dhahabu. Mwaka 1776 wakaletwa wachimba madini kutoka Cornwall, wakatoboa shimo toka kileleni mpaka chini. Hakuna kitu. Mwaka 1849 wakachimba njia ya ubavuni. Hakuna kitu. Mwaka 1968 wakachimba tena, safari hii na kamera za televisheni. Hakuna mfalme, hakuna dhahabu, kuna udongo na nyasi za kale. Mwaka 2000 mvua kubwa ikanyesha, na lile shimo la 1776 likafumuka kileleni, kilima kikawa kinataka kubomoka kutoka ndani. Ikabidi serikali itumie fedha kukijaza tena chaki. Tamaa ya babu ililipwa na wajukuu wa wajukuu. Kupanda ni marufuku. Vijana, nimesema ni marufuku.

Ng'ambo ya barabara, juu ya mlima, kuna kaburi refu la West Kennet. Hilo ni kongwe kuliko duara kwa karibu miaka elfu moja. Ni tuta la urefu wa mita 100, na mbele yake mawe makubwa yamesimama kama wazee wa kizingiti. Unapita nyuma yao, unainama, unaingia vyumbani. Walizikwa watu wasiopungua 36 humo, wanaume, wanawake, watoto. Sasa hawamo, walihamishwa zamani. Ndani kuna ubaridi na ukimya ambao sijui niueleze vipi. Mara ya kwanza nilitoa shikamoo bila kufikiri. Ilinitoka tu.

Hapo nafikia swali nililoletewa na watu wawili, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani, tena bila wao kuambiana: je, kwenda kule si kushiriki ushirikina?

Nitajibu kama ninavyoona. Walioyajenga hawakuacha maandishi. Watu watawaambia waliyajenga Druidi, wale makuhani wa Kikelti, lakini makuhani hao tunawasikia miaka elfu mbili baada ya mawe kusimama. Wanaovaa kanzu nyeupe leo na kuimba jua likichomoza ni watu wa zama zetu hizi, wengi wao ukiongea nao ni wapole na wana kazi zao za kawaida Jumatatu. Pale Avebury juu ya tuta kuna miti mikubwa, mizizi iko nje imesukana kama mikeka, na matawi yamefungwa utepe na vitambaa vya kila rangi. Aliyekulia pwani haulizi hicho ni nini. Ameona mbuyu wenye vitambaa, ameambiwa na bibi yake apite kwa adabu. Huwezi kuniambia Mwingereza na sisi hatuna tulichorithi pamoja. Lakini sijamwona mtu aliyelazimishwa kufunga kitambaa. Mimi sifungi, sisujudu. Natazama, nachukua picha, nakula andazi langu. Ninachowaomba ni kimoja: msiwashe mishumaa ndani ya kaburi kama wafanyavyo wengine. Moto na moshi unaharibu mawe.

Stonehenge nayo tutaipitia jioni, maana najua mtu akirudi bila picha ya Stonehenge atasutwa. Mawe yake makubwa, wastani wa tani 25 kila moja, yalitoka karibu na Marlborough, umbali wa kilomita 25 hivi. Yale madogo yalitoka milima ya Preseli, Wales. Na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba jiwe moja la katikati, la tani 6, limetoka kaskazini-mashariki mwa Scotland. Kilomita 700 na zaidi! Ni mbali kuliko Dar es Salaam hadi Arusha, na gurudumu walikuwa hawana. Mwaka 1915 mahali pote pale paliuzwa kwenye mnada, bwana mmoja Cecil Chubb akapanunua kwa pauni 6,600, miaka mitatu baadaye akapatoa kwa taifa kwa sharti kwamba kiingilio kisizidi shilingi moja. Shilingi moja. Mweka hazina wetu hapa ataniambia tumelipa ngapi kila kichwa. Na ukishalipa, siku za kawaida utazunguka nje ya kamba. Kwa mbali ni zuri sana, sikatai. Lakini mkono wangu umezoeshwa vibaya na Avebury.

Wenye watoto, baadaye wapelekeni Rollright, mpakani mwa Oxfordshire na Warwickshire. Mawe ya pale yameliwa na mvua yakawa kama meno mabovu, na wenyeji wanasema hayahesabiki mara tatu ukapata idadi ile ile. Eti mwoka mikate mmoja aliweka mkate juu ya kila jiwe ili asipotee hesabu, bado zikamkataa. Niliwapeleka wajukuu wawili, mmoja akapata 72, mwingine 75, wakakaribia kupigana. Kule Cornwall nako kuna mawe 19 wanayosema ni wasichana waliogeuzwa mawe kwa kucheza ngoma Jumapili. Ukienda mbali kabisa, kisiwa cha Lewis kule Scotland, kuna Callanish, mawe ya mwamba wenye umri wa miaka bilioni tatu hivi. Yalikuwa yamefunikwa na mboji, urefu wa mita moja na nusu, hadi ilipoondolewa mwaka 1857. Nimefika mara moja, upepo ulinipokonya mtandio na sikuuona tena. Nitarudi.

Sasa ya Jumamosi. Vaeni gambuti, au viatu ambavyo hamtavililia. Njia ya kwenda kwenye kaburi inapita katikati ya mashamba ya watu, na ni haki yenu kisheria kupita, ni njia ya umma, imewekewa alama. Lakini geti mkilikuta limefungwa, lifungeni baada ya kupita, mkilikuta wazi, liacheni wazi. Ng'ombe wenye ndama wapisheni. Msiwaachie watoto wawakimbize kondoo, mwenye kondoo hana utani. Koti la mvua kila mtu, hata anga ikiwa ya buluu, hasa anga ikiwa ya buluu. Maandazi na chapati kina mama wamekwisha jigawia. Baa ipo kwa wanaokwenda baa, na choo kipo kwa wote.

Basi linaondoka hapa saa mbili asubuhi. Nasisitiza, saa mbili yetu, si ya Waingereza. Mwaka jana kuna mtu alikuja saa nane mchana, nami simtaji kwa kuwa ni shemeji yangu.

Mzee wangu hayupo tena, alitutoka majira ya baridi ya mwaka uliofuata. Mara ya mwisho nilipompeleka alinifundisha jiwe la kukutania, na hapo ndipo tutakapokutana sote kabla ya kurudi kwenye basi, saa kumi kamili. Ni lile kubwa la upande wa kaskazini, pembeni kabisa mwa barabara, limekaa kama almasi iliyosimamishwa kwa ncha. Hilo halikuzikwa wala kupasuliwa, na Keiller hakuwa na la kulifanyia. Wenyeji wanasema usiku wa manane huwa linavuka barabara. Sisi tutavuka mchana, kwa mafungu, watoto mmewashika mkono, na tutaangalia magari pande zote mbili.